Mteja Akikuambia "Njoo Kesho"

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa mauzo, nami nimefurahi, maana hii ndiyo kazi iliyonilea. Kwa msomaji mgeni: nimezunguka na bidhaa za jumla miaka mingi hapa Tanga, Ngamiani, Chumbageni, Muheza hadi Pangani, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa gari la kampuni. Leo nina duka langu Ngamiani na vijana wa mauzo ndio wanaokuja kwangu, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona nikiwa nje ya kaunta na nikiwa ndani yake. Majina ya walioandika tumeyaacha, kama walivyoomba.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Makorora. Nina miezi minane kwa msambazaji mmoja wa sabuni na mafuta ya kujipaka. Ruti yangu ni Ngamiani, Chumbageni, Sahare, na siku moja kwa wiki Pongwe. Nalipwa mshahara mdogo na kamisheni, na tageti ni ya kila wiki. Tangu masika yaanze mambo yamekuwa mazito. Duka la kwanza naambiwa bado kuna mzigo, la pili njoo kesho, la tatu hata salamu yangu inajibiwa kwa shida. Asubuhi natoka na moyo, ikifika saa sita sitamani hata kushuka kwenye baiskeli. Kila siku kabla ya kutoka nasikiliza hotuba za kuhamasisha kwenye simu, zinanipa nguvu kama nusu saa hivi. Nifanyeje nisikate tamaa?
Kijana wa Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Hotuba hizo hazina ubaya, ila zinakupa hamu bila kukupa la kufanya ukifika dukani. Muuzaji anayeingia bila kujua anakwenda kufanya nini pale hubaki akitegemea uso wa mwenye duka. Akichekewa anapata nguvu, akinuniwa anaishiwa. Ukinuniwa mara tatu mfululizo kabla ya adhuhuri, lazima uchoke. Moyo unaofika mpaka jioni huandaliwa usiku wa jana, mezani, kwa daftari na kalamu. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue kwangu, na mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Nunua kaunta buku. Kila duka lipe kurasa zake, na kila ukitoka dukani simama pembeni uandike kabla hujapanda baiskeli: amechukua nini, rafuni kimebaki nini, anadaiwa kiasi gani, na amesema nini. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Ukiandika "amekataa" tu, umejinyima habari yote uliyoifuata. Andika na mambo yake mwenyewe: mwanawe anakaribia mtihani wa darasa la saba, mkewe amejifungua, au yeye hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo alasiri ya siku hizo hana subira ya maneno mengi. Usiku fungua kurasa za maduka ya kesho, usome, na kwa kila duka amua jambo moja unalokwenda kufanya. Huyu unakwenda kumuuzia katoni. Yule unakwenda kuhesabu mzigo uliobaki, basi. Na yule aliyekununia unakwenda kumsalimu na kumuuliza zile sabuni za mche zinatoka au zimelala. Siku ambayo hukuuza lakini umekamilisha ulichokwenda kufanya katika maduka kumi na mbili, jioni utajua umefanya kazi gani, na daftari litakuonyesha.

Halafu jifunze hesabu ya mwenye duka kuliko unavyoijua ya bosi wako. Mimi nikiwa ndani ya kaunta, kijana akiniambia "mama, hii inapendwa sana Dar", hajaniambia kitu. Namsikiliza yule anayenifanyia hesabu. Tuseme katoni ni shilingi 36,000, ndani mna pisi 24, kila pisi inanifikia kwa 1,500, na mtaani inauzwa 1,800. Nikiuza pisi 20 mtaji wangu umerudi wote, na zile nne za mwisho, yaani 7,200, ndiyo faida yangu. Hapo nabaki na swali moja: hizo 20 kwangu zitatoka kwa siku ngapi? Kijana aliyehesabu rafu yangu wiki iliyopita anaweza kunijibu. Akiona katoni nzima itanilalia, ananiambia mama chukua nusu. Huyo namnunulia hata siku ambayo sikuwa na mpango, kwa kuwa najua hataniachia mali ya kudoda.

Sasa hayo majibu yanayokuvunja moyo. "Bado nina mzigo" mara nyingi ni kweli, na dawa yake ni kuomba ruhusa uutazame. "Bei yako kali" maana yake ana bei nyingine kichwani. Muulize kwa upole ni ya bidhaa gani na ya ukubwa gani, kwa sababu watu wengi hulinganisha kipande cha gramu 90 na cha gramu 70 bila kugeuza karatasi. "Njoo kesho" ndiyo yenye mambo mengi ndani. Pengine hana fedha leo na anaona haya kusema mbele ya wateja. Pengine mwenye fedha ni mumewe au kaka yake, naye yuko Muheza. Pengine ni asubuhi mno na hajauza kitu, na unajua wenye maduka wengi wa hapa kwetu hawapendi kutoa fedha kabla ya kupokea ya kwanza. Muulize tu: "Kesho nikija saa ngapi nitakukuta na nafasi?" Akitaja saa, ana nia, iandike na ufike kwa saa hiyo hiyo. Akizungukazunguka, lipo jambo, na kazi yako ni kulijua.

Palikuwa na mzee mmoja kwenye barabara za ndani Ngamiani aliyekuwa akiniambia "inshallah kesho" kila nikipita, vidole vikihesabu tasbihi na macho yakitazama njiani. Siku moja mvua ikanizuia dukani kwake. Nikamwomba kitambaa, nikaanza kupangusa rafu ya chini zilipokuwa bidhaa zetu. Nyuma ya ndoo za rangi nikakuta boksi letu limeloa upande mmoja, gundi yake haijafunguliwa. Nikaligeuzia mwanga wa mlangoni nikasoma tarehe: muda ulikwisha pita zamani. Mzee akasema, bila kugeuza uso, "Hilo la mwenzako. Alisema atakuja kulibadilisha kesho." Aliyekuwa na ruti ile kabla yangu alimwachia mzigo unaokaribia kuisha muda, akamwahidi, kisha akahamishiwa mkoa mwingine. Neno nililokuwa nikipewa mimi ndilo lile lile alilopewa mzee. Nikaandika idadi na tarehe mbele yake, tukatia sahihi wote wawili, nikalibeba boksi lile mpaka ghalani na kukaa hapo mpaka likabadilishwa. Nilipompelekea jipya sikumtajia oda. Niliweka boksi, nikampa karatasi ya kupokelea, nikaaga. Baada ya hapo mzee yule alikuwa mteja wangu mpaka nilipoiacha kazi ile. Kijana, ukichukulia kila kununiwa kuwa ni wewe unayechukiwa, utaharakisha kutoka, na boksi la namna hiyo hutaliona.

Jambo jingine ambalo kampuni hazikufundishi ni kalenda ya fedha ya kila mtaa. Wewe una Sahare. Wateja wa maduka ya kule na ya Deep Sea wanaishi kwa bahari. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa na vyombo vingi hupumzika, kwa hiyo siku za mbalamwezi maduka ya pwani hukauka. Ukienda na tageti yako siku hizo za mwezi mpevu, utaambiwa njoo kesho kuanzia duka la kwanza mpaka la mwisho, nawe utadhani umepoteza kipaji. Siku hizo peleka nguvu Chumbageni kwa watu wa mishahara, hasa mwisho wa mwezi, na pwani nenda kupangusa rafu na kuhesabu. Januari fedha za mjini zote ziko kwenye sare, madaftari na ada za shule binafsi, basi uza vipimo vidogo. Kuelekea Idi watu wanafua mapazia na kusafisha nyumba nzima, sabuni zinatoka, lakini oda hiyo ichukue mapema katikati ya mfungo, kwa sababu kumi la mwisho kila mtu amejaa dukani na hakuna mwenye sikio. Ukipewa ruti ya Muheza siku za mbele, uliza machungwa yamefikia wapi kabla hujaomba oda kubwa. Na Ijumaa usiingie duka la Ngamiani saa sita na nusu ukitegemea mazungumzo. Mwenyewe yuko njiani kwenda msikitini.

Masika unayoyalalamikia, mimi nilikuwa nayapenda. Mvua ikinyesha wateja hawatoki, mwenye duka amekaa, hana wa kuzungumza naye, na wauzaji wa kampuni nyingine wamejificha barazani wakisubiri ikatike. Funga sampuli zako kwenye mifuko miwili isiyopitisha maji, daftari liwe ndani zaidi, vaa koti la mvua linalofunika magoti, uende. Katika mvua nilipata mazungumzo marefu ambayo kiangazi mtu hapewi. Ila tazama njia zako: barabara zinazojaa maji usizikate kwa baiskeli, na mzigo uliolowa usiuingize dukani kwa mtu.

Kuhusu mpango wa siku, anza na duka moja unalokaribishwa vizuri, kwa chai na salamu tu kama hakuna oda. La pili liwe lile unaloliogopa kuliko yote. Ukiliacha mpaka mwisho utalibeba kichwani siku nzima, na saa kumi jioni utapata sababu ya kutolifikia. Na maduka yenyewe usiyaingie saa wanapouza mkate, sukari na majani ya chai kwa watu wanaokimbilia kazini. Saa nne mpaka adhuhuri ndiyo saa yako, kisha baada ya alasiri.

Tageti igawe. Ya wiki inatisha ukiitazama nzima. Gawa kwa siku zako za kazi, kisha kwa maduka ya siku hiyo, uone kila duka linadaiwa kiasi gani. Mara nyingi utakuta ni nusu katoni. Kama baada ya kugawa unaona hata maduka yote yakinunua kama kawaida yao bado huifikii, basi hiyo ni habari ya kumpelekea msimamizi wako, na daftari mkononi. Usimwambie "hali ngumu". Mwambie duka fulani lilikuwa linachukua katoni mbili, sasa moja, kwa sababu bidhaa ya jirani imeshuka bei mia mbili tangu tarehe fulani. Wasimamizi wanasikia malalamiko kutwa, lakini taarifa za namna hiyo hawaletewi.

La mwisho nalisema kwa sababu nakujali. Kama una mkopo wa kausha damu, yaani ule wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku, tafuta njia ya kuumaliza kabla ya jambo lingine lolote. Nimeona vijana wazuri sana wakiharibikiwa hapo. Mtu anayedaiwa rejesho la jioni huingia dukani na macho ya kuomba, na mwenye duka anaiona shida hiyo kabla hujafungua mdomo. Anaanza kukubana bei, au anakukwepa. Halafu kijana anaanza kushika fedha za mauzo "mpaka kesho". Ongea na wazazi, ongea na wenzako wa kikoba, punguza matumizi, lala na njaa ya starehe kwa miezi kadhaa, lakini toka humo. Na chakula usikiache: uji na kiazi asubuhi, maji kwenye chupa. Joto la Tanga na baiskeli haviendi na tumbo tupu.

SWALI

Bi mkubwa, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Pangani. Nimechukua taa za sola na vifaa vyake niviuze vijijini kwa kuwa mafao hayatoshi. Bidhaa ni nzuri. Tatizo ni mimi: naona haya. Karibu kila nyumba ninayobisha hodi nakutana na mwanafunzi wangu wa zamani, ananiamkia kwa heshima, nami nashindwa kutaja bei. Nakunywa maji naondoka.
Mwalimu, Pangani

JIBU

Waaleikum salaam, mwalimu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, maana haya unayoiona inatoka mahali pazuri. Hutaki mtoto uliyemfundisha anunue kwa sababu ya heshima yako. Basi panga kazi yako ili hilo lisiweze kutokea: usitaje bei siku ya kwanza. Siku ya kwanza nenda kuuliza. Nyumba ina vyumba vingapi vinavyotumiwa usiku, mafuta ya taa au betri za tochi zinakula shilingi ngapi kwa wiki, simu ngapi zinachajiwa na kwa bei gani kwa chaji moja. Yaandike mbele yao. Siku ya pili rudi na hesabu yao wenyewe: mnatumia kiasi hiki kwa mwezi, kifaa hiki ni kiasi hiki, kitajilipa baada ya miezi hii. Kama hakijilipi kwa nyumba ile, waambie hakiwafai na uage. Utaondoka na heshima yako yote, na habari zako zitafika kijiji cha pili kabla yako.

Ila kabla ya hapo ijue mali yako mpaka ndani. Ifunge nyumbani kwako, uitumie wiki nzima, ujue taa inawaka saa ngapi baada ya siku ya jua na saa ngapi baada ya siku ya mawingu, kwa sababu watu watanunua kiangazi na kukulaumu masika. Paneli isiguswe na kivuli. Kivuli cha kuti moja la mnazi kikiangukia sehemu ya paneli kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, na huko kwenu minazi iko kila ua. Sisi tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli inatazama kaskazini, imelazwa karibu tambarare lakini kwa mteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi. Betri zile za asidi zikimalizwa kabisa kila usiku hufa mapema. Mwambie mteja, na umwonyeshe kitaa kinachotoa onyo. Na upepo wa bahari una chumvi, unakula viungio vya nyaya. Nyumba za ufukweni rudi uvikague na kuvisafisha. Haya yote ni somo, mwalimu, na kufundisha hukuwahi kuona haya.

Risiti toa kila mara, na waranti iwe kwa maandishi, hata kwa mwanafunzi wako aliyeshika namba moja. Hasa kwa huyo.

SWALI

Dada, nakopesha vitenge kwa mali kauli kwenye ofisi za mjini, wanalipa mwisho wa mwezi. Wawili wananikwepa mwezi wa tatu sasa, na kila nikiwafikiria nakosa nguvu ya kwenda hata kwa wanaolipa vizuri. Niwafuate nyumbani?
Mama wa Mikanjuni

JIBU

Usiende nyumbani kwao, na usiwaseme ofisini. Watumie ujumbe mfupi wenye tarehe waliyochukua, kitenge gani, kiasi kilichobaki na namba ya kulipia, na uwape nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa tarehe mtakazokubaliana. Mtu anayekwepa mara nyingi anaogopa kuulizwa deni zima kwa mpigo. Kitenge kingine wasipate mpaka wamalize, na uwaambie hivyo kwa ukunjufu. Kuanzia sasa nusu iwe taslimu, nusu kauli, na kila anayechukua aandike jina lake kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe. Na kesho asubuhi anza na wanaolipa vizuri. Wao ndio biashara yako, nao wanastahili kukuona na uso mkunjufu na mali mpya.

SWALI

Shikamoo mama. Nipo Usagara. Nauza simu za mkopo kwa kampuni moja, natakiwa kuripoti kila siku saa mbili, navaa sare yao, sina kazi nyingine. Mwezi uliopita simu mbili zilipotea kwenye kibanda tulipokuwa watu watatu, nikakatwa karibu malipo yangu yote bila kuelezwa. Nilipouliza nikaambiwa mimi si mwajiriwa, ni wakala wa kamisheni. Nampenda mteja na naipenda kazi, lakini asubuhi miguu haitaki kwenda. Nifanye nini kujipa moyo?
Binti wa Usagara

JIBU

Marahaba binti yangu. Hapa sitakuambia ujipe moyo. Moyo wako uko sawa. Umechoka kwa sababu umetendewa jambo ambalo sheria hairuhusu lifanywe namna hiyo, na maandalizi unayohitaji ni ya karatasi.

Kwanza hilo la kuitwa wakala. Jina waliloandika kwenye mkataba peke yake halimalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo iliyoyataja. Miongoni mwake ni kwamba saa zako au namna yako ya kufanya kazi inasimamiwa na mwingine, kwamba unamtegemea yeye kiuchumi, kwamba anakupa vifaa vya kazi, kwamba unamfanyia yeye peke yake, na kwamba kwa miezi mitatu iliyopita umemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi. Wewe kwa barua yako tu nimeona zaidi ya moja.

Pili ni hayo makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata ujira isipokuwa kwa njia zilizotajwa, kama vile makato ya kisheria, amri ya mahakama, au deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi. Kwa hasara ya mali kuna masharti zaidi: iwe imetokea kazini na kwa kosa lako wewe, uelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, upewe nafasi ya kupinga, kisizidi hasara halisi, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wako wa fedha. Kibanda cha watu watatu, simu mbili, mshahara wa mmoja kukatwa karibu wote bila karatasi: pima mwenyewe.

Wiki hii kusanya nakala ya mkataba, ujumbe wa kupangiwa saa, picha yako ukiwa na sare, kumbukumbu za malipo kwenye simu za miezi iliyopita, na andika tarehe ya makato na nani alikuwa zamu. Kisha mwandikie meneja barua fupi ya heshima ukiomba maelezo ya makato kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Mzungumze kwanza, kwa adabu. Wapo mameneja ambao wakiona karatasi wanarekebisha siku hiyo hiyo. Asiporekebisha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ina ofisi hapa Tanga, ujaze fomu ya kupeleka mgogoro. Mgogoro wa aina hii unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukiachishwa kazi na unataka kupinga kuachishwa kwenyewe, muda ni mfupi zaidi, siku 30. Kwako siku zinahesabiwa tangu siku ya makato, na mwezi mmoja umekwisha kwenda, kwa hiyo barua ya meneja iandike kesho.